Jimbo na Idadi ya Watu

Katiba ya Kenya ya 2010 ilifunga idadi ya majimbo kuwa 290. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296, yaani wastani wa 164,000 kwa jimbo. Lamu Mashariki, lenye Faza, Kiwayu na Kiunga, lilikuwa na 22,000 hivi. Kweli, Katiba inazingatia jiografia, historia na maslahi ya jamii. Lakini huruma hiyo nayo ina kikomo, asilimia 40 chini ya wastani. Mwaka 2012 masharti ya mpito yaliyakinga majimbo madogo. Mapitio yanayofuata hayana ngao hiyo. Lamu zote mbili zikiunganishwa, Mbajuni wa Faza hatanyimwa kura. Atamchagua mbunge mmoja pamoja na wakazi wa Amu na Mpeketoni, wanaomzidi kwa mbali.