Viazi Vilivyosazwa Virginia

Kiangazi cha 2013, basi la vijana wa kanisa la Kimethodisti lilitoka Roanoke, Virginia, likavuka mdomo wa Ghuba ya Chesapeake kwa lile daraja la karibu kilomita 28 ambalo mara mbili huzama chini ya bahari, likawashusha kwenye mashamba ya viazi ya Eastern Shore. Miongoni mwao alikuwemo msichana wa miaka 16, mzaliwa wa Uvira, mji wa Kivu huko Kongo, aliyefika Marekani na wazazi wake kama wakimbizi. Aliambiwa wanakwenda kuokota masazo kwa ajili ya wenye njaa. Hakuwaambia wenzake kwamba mama yake alikuwa akipanga foleni kwenye ghala la msaada wa chakula, na kwamba viazi vilikuwa havikosekani kwenye boksi.

Mashine ya kuvunia ilikuwa imeshapita. Viazi vidogo vilikuwa vimepenya kwenye mnyororo wake na kurudi ardhini, na vingine vilikwepa pembeni mwa matuta. Kiongozi aliinama akawaonyesha namna ya kuchagua. Chenye rangi ya kijani kimepigwa jua na kina sumu, kiache. Kilichokatwa na mashine kiache pia, maana kikioza huozesha mfuko mzima. Vingine vyote, hata vikiwa na umbo la tangawizi, tia. Ganda la kiazi kipya huchubuka upesi, hivyo kila kimoja kiliwekwa mfukoni taratibu. Vijana wa mjini walilalamika migongo. Yeye alikuwa ameizoea kazi hiyo tangu utotoni, alipokuwa akichimbua karanga zilizosahauliwa shambani baada ya mavuno.

Safari za namna hiyo zilianza kwa wachungaji wawili wa Kimethodisti, Ray Buchanan na Ken Horne, walioanzisha Society of St. Andrew huko Virginia mwaka 1979. Walichagua jina la Andrea, mtume aliyempeleka kwa Yesu yule mtoto mwenye mikate mitano na samaki wawili. Mwanzoni walihubiri tu: kuleni kwa kiasi, msipoteze chakula. Ila mwaka 1983, walipoona viazi vizuri vikitupwa kwa sababu ya ukubwa au sura, wakaanza kuvipakia kwenye malori na kuvipeleka kwa wenye shida. Mwaka 1988 ukaja mtandao wa kuwapeleka watu wa kujitolea mashambani kuokota wenyewe. Vijana nao walipangiwa safari zao za kiangazi: asubuhi shambani, jioni ibada na mafunzo kuhusu njaa.

Wakulima wengi walisita. Kijana akivunjika mguu kwenye mtaro, nani atashtakiwa? Sheria ya mwaka 1996 iliyopewa jina la Bill Emerson, mbunge wa Missouri, iliwaondolea hofu hiyo: mwenye shamba anayewaruhusu waokotaji hawajibiki, isipokuwa kwa uzembe mkubwa au kwa kukusudia madhara.

Jioni ile walisoma kitabu cha Ruthu. Mmoja wa vijana akauliza, kwa nia njema kabisa, wenye njaa wenyewe wanaishi wapi. Binti wa Uvira akasema: kwetu. Takwimu za Wizara ya Kilimo za mwaka ule zilikuja kuonyesha kuwa asilimia 14.3 ya kaya za Marekani hazikuwa na uhakika wa chakula. Ukumbi ulikuwa na vijana wa kutosha kiasi kwamba huenda hakuwa peke yake.

Aliporudi nyumbani na kueleza kwamba viazi vile vilikataliwa sokoni, mama yake alikigeuza kimoja mkononi. “Mwanangu, hiki kina kosa gani?”

Kilichomkaa moyoni zaidi ni Ruthu mwenyewe. Mmoabu yule, mgeni na mjane, aliingia shambani kwa miguu yake kuokota masazo. Sheria ya Musa ilimwachia pembe za shamba kama haki. Haki hiyo imewahi kunyang’anywa: Uingereza, mwaka 1788, mahakama iliamua kwamba maskini hana haki kisheria ya kuokota masazo katika shamba la mtu. Safari za vijana zimelifungua tena lango la shamba, na hilo ni jambo kubwa. Lakini zimemwacha Ruthu nje, akisubiri boksi.

Kwa hiyo alipokabidhiwa uongozi wa vijana wa kanisa lake, alibadilisha orodha ya abiria. Katika safari ya vuli kwenda North Carolina, jimbo linaloongoza Marekani kwa viazi vitamu, familia zinazopokea chakula hupanda basi lilelile na, kwa ridhaa ya mkulima, huchukua fungu lao kwanza.

Akina mama wa Kivu waliokuwa kwenye basi hilo ndio waliouliza habari za majani. Mkulima alikuwa akiyafyeka matembele yote kabla ya kuchimba, hajui kwamba ni mboga. Walimuuliza kwanza shamba lilipuliziwa dawa lini, wakaridhika na jibu. Siku hizi basi hufika kabla mashine ya kufyeka haijaingia, na vijana wa Roanoke hufundishwa na akina mama hao kuchuma ncha changa tu.