Na Nani? Mwanamke, Runinga na Mtazamaji wa Wote

Kiswahili hakina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. Hakimu anahukumu, mwizi anaiba, daktari anatibu. Ngeli ya A-WA huwakusanya wote, na msikilizaji hajui jinsia mpaka aelezwe. Katika madarasa ya isimu jambo hili hutolewa mara nyingi kuwa ushahidi wa usawa uliomo katika lugha yetu. Hata hivyo, ubaguzi ukikosa mlango katika ngeli huingilia katika kauli za vitenzi, na mahali pazuri pa kuuona ukiingia ni mbele ya runinga.

Mjini Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, runinga ya hotelini hutazamwa kwa pamoja. Soko linapofungwa huingia wauzaji wa maembe na machungwa, vijana wa bodaboda, walimu na wanafunzi. Taarifa ya habari ya Kiswahili huanza saa moja jioni, kisha hufuatwa na tamthilia. Kikombe kimoja cha chai hutosha kuvipitisha vyote viwili. Hapo hakuna anayetazama kimya. Anayedhani kwamba mtazamaji ni mtungi unaongoja kujazwa maji angefaidika akiketi pale jioni moja tu.

Siku moja msomaji wa taarifa alitangaza kwamba mwanamke mmoja ameuawa katika chumba cha kukodi. Tukaelezwa umri wa marehemu, urembo wake, saa alipoonekana mara ya mwisho na nguo alizovaa. Kijana mmoja akauliza, "Alifuata nini huko usiku?" Wenzake wakaafiki. Mama mwenye hoteli, aliyekuwa akipanga vikombe, akauliza kwa Kikamba, kisha kwa Kiswahili ili sote tusikie: "Ameuawa na nani?" Hakujibiwa. Kijana alipotaka kuendelea, akamkatiza: "Mwanangu, wewe umemuuliza maiti. Mimi namuuliza aliyeua."

Swali lile ni la kisarufi kabla ya kuwa la kijamii. Kauli ya kutendwa huruhusu mtenda aachwe, na sentensi ikabaki timamu. Waama, mwanahabari ana sababu zake: mshukiwa haitwi muuaji kabla ya mahakama kuamua, na pengine muuaji hajajulikana. Lakini nafasi ya mtenda ikiachwa wazi haikai tupu. Hujazwa na mavazi, urembo na saa za usiku. Ilhali lugha yetu ina njia nyingine. "Polisi wanamsaka aliyemuua mwanamke" ni sentensi inayomweka mtenda mbele ya macho yetu bila kumhukumu mtu yeyote. Maelfu walioandamana Nairobi na katika miji mingine ya Kenya tarehe 27 Januari 2024 kupinga mauaji ya wanawake walidai hilo hilo: macho yaondoke kwa marehemu, yaelekezwe kwa muuaji.

Tamthilia nayo ina kauli zake. Katika *Maria*, iliyoonyeshwa na runinga ya Citizen kati ya 2019 na 2021, msichana kutoka mtaa wa mabanda na Sofia, binti wa kitajiri, wanampenda Luwi. Hotelini watazamaji waligawanyika, wa Maria huku na wa Sofia kule, na wasichana wote wawili wakatukanwa kila jioni. Luwi, aliyekuwa kiini cha vurugu, alisamehewa. Ni mama yule yule aliyesema kwamba kesi ile imekosa mshtakiwa.

Lakini si haki kuilaumu runinga yote. Katika *Vioja Mahakamani* ya KBC, Lucy Wangui aliketi kwa miaka mingi katika kiti cha hakimu. Watazamaji walicheka vituko vya washtakiwa. Hakimu hakuwa kichekesho. Alihoji, aliamua, alihukumu: vitenzi vya kutenda. Martha Koome alipoapishwa mwaka wa 2021 kuwa Jaji Mkuu wa kwanza mwanamke nchini Kenya, wengi walikuwa wamekwisha kuzoea kumwona mwanamke akihukumu.

Aidha, idadi peke yake haitoshi. Mradi wa kimataifa wa kufuatilia vyombo vya habari, unaofanywa kila baada ya miaka mitano, uligundua kwamba wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu waliotajwa katika habari duniani mwaka wa 1995, na asilimia 25 mwaka wa 2020. Hata ingefika 50, ingefaa nini ikiwa wengi wao wamebakwa, wametelekezwa na wameuawa? Jirani zetu wa Kitui walimwona Charity Ngilu akigombea urais mwaka wa 1997 na akichaguliwa gavana mwaka wa 2017. Mwanamke mtenda yupo. Kinachohitajika ni sentensi ya kumbeba.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mtazamaji wa Wote anatazama na anauliza. Wengi wetu tunaosoma Kiswahili tutakuwa watangazaji, wahariri, wafasiri na waandishi wa tamthilia. Ripoti ya polisi itatufikia kwa Kiingereza dakika chache kabla ya saa moja, nasi ndio tutakaochagua kauli ya kitenzi. Kabla ya kuiachilia sentensi hewani, na tuiulize swali lile la hotelini: na nani?