Kabla Mama Hajaweka Dole Gumba

Wenzetu, leo tunawaandikia kuhusu ile wiki mama jirani yetu alitaka kuuza cherehani yake.

Kijana wake ana miaka 13. Ana mtindio wa ubongo. Miguu imekaza, mkono wa kuume haufunguki vizuri, na maneno yanatoka polepole. Mama anasema alizaliwa njiani wakati wanakimbia kutoka Masisi, akakaa muda mrefu bila kulia. Hapa Nakivale sisi ndio tunamsukuma kwenye kiti chake hadi shuleni. Mvua ikinyesha tope linashika magurudumu, basi tunambeba mgongoni.

Siku moja ujumbe ukaingia WhatsApp: kuna jaribio la sindano ya seli shina, watoto wasiotembea watasimama, nafasi ni chache, tuma ada ya kujiandikisha leo. Chini kulikuwa na namba ya usajili ya Marekani. Mama akatuonyesha simu huku anatetemeka. "Banangu, angalieni, kuna namba ya serikali. Hii njo ya kweli." Mnunuzi wa cherehani alikuwa ameshapatikana.

Tulichanga bando, tukafungua ClinicalTrials.gov, daftari la utafiti la Marekani, tukaandika ile namba. Ilikuwepo kweli! Lakini tuliposoma ndani, ule utafiti ulikuwa wa nchi ya mbali, wa watoto wa miaka 2 hadi 10, na ile namba ya kutumia pesa haikuwemo popote. Mtu alikuwa ameazima namba ya wenzake. Tena tovuti yenyewe inaeleza kwamba utafiti kuorodheshwa pale si ushahidi kuwa serikali ya Marekani imeukagua.

Tulipomwambia mama, hakutushukuru. Alilia. "Hata haka katumaini kadogo munaniondoshea?" Tulitoka pale tukiwa kimya, hatukujua kama tumesaidia au tumeumiza.

Kesho yake tulimfuata mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwenye kituo cha afya. Alitueleza kitu ambacho wengi wetu hatukukijua: jaribio la kitabibu ni swali. Wanaolifanya bado hawajui kama dawa au zoezi lile linasaidia, ndiyo maana wanajaribu. Mara nyingi watu wanagawanywa makundi kwa bahati nasibu. Kundi moja linapata kitu kipya, lingine linapata matibabu ya kawaida au linasubiri zamu. Kwa hiyo mtu akikuahidi kupona kabla ya utafiti kuisha, huyo anauza.

Alituambia pia kwamba hapa Uganda utafiti kwa watu lazima upitiwe na kamati ya maadili na usajiliwe na UNCST, yaani Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Ukiwa wa dawa, mamlaka ya dawa, NDA, nayo lazima iruhusu. Afrika ina daftari lake pia, Pan African Clinical Trials Registry. Kutafuta humo ni bure. Unaandika jina la ugonjwa na nchi kwa Kiingereza, kisha unasoma mambo matatu kwanza: umri unaotakiwa, mahali, na kama bado wanapokea watu.

Tukatafuta. Tukakuta kwamba si kila jaribio ni sindano. Mashariki ya Uganda, Iganga na Mayuge, kumefanyika utafiti unaoitwa Akwenda kwa watoto na vijana wenye mtindio wa ubongo. Wazazi walifundishwa kwa vikundi, watoto wakapata mazoezi na vifaa vya kuwasaidia. Utafiti wa kumfaa kijana wetu, karibu na hapa, kwa sasa hatukuupata. Tulirudi kumwambia mama hivyo hivyo, bila kupaka sukari.

Safari hii mtaalamu alikuja nasi. Akainama mbele ya kijana, akamuuliza yeye: "Wewe unataka nini?" Tukatazamana. Miaka yote tunamsukuma, hatujawahi kumuuliza. Akajibu polepole, "Nataka kwenda choo peke yangu. Na kuandika jina bila mutu kunishika mkono."

Hakutaja kutembea.

Sasa tumemfungia miti miwili ya kushikia hadi chooni. Mazoezi ya mkono ni kila jioni, kwa zamu zetu. Cherehani bado inashona. Daftari tunalifungua kila mwezi, maana siku utafiti wa kweli ukija tunataka awe na nafasi kama mtoto mwingine yeyote.

Ukiitwa kwenye utafiti, uliza haya: Nani ameuruhusu? Kuna hatari gani? Nauli analipa nani? Nikiumia, nani atanitibu? Ukiisha, nitabaki na nini? Na jua kwamba unaweza kukataa, au kutoka katikati, bila kupoteza huduma yako ya kawaida. Haitakiwi iguse rasheni wala faili yako.

Na nyinyi mnaofanya kazi na mashirika, tunawaomba mambo mawili. Msituache nje eti wakimbizi watahama. Na fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha ambayo mama anaotea ndoto. Dole gumba juu ya karatasi isiyoeleweka ni wino tu.

Kijana ameshafika herufi ya tatu ya jina lake. Imepinda, lakini ni yake.