Yatiririkayo na Yaliyo Mtungini

Neno “utiririshaji” limeshakubalika kwa huduma ya kusikiliza nyimbo na kutazama filamu moja kwa moja kutoka intaneti. Nalipenda, maana halifichi kitu: kinachotiririka hupita. Kwa upande wa pili lipo “kumiliki”, tulilolipokea kutoka Kiarabu. Ila katika mazungumzo ya kila siku mtu husema tu “nina kanda”, yaani niko pamoja nayo.

Sibezi neema ya utiririshaji. Zamani msikilizaji wa Musoma aliingojea Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyorekodi bendi katika studio yake yenyewe. Wimbo ulioupenda uliunasa kwa kaseti, ukiomba mtangazaji asiukatize. Leo nikiwa na bando, taarabu ya Unguja hunifikia hapa kando ya ziwa kwa mguso wa kidole. Lakini bando likiisha, nayo imekwenda. Na mwenye wimbo akiuondoa, hatubishiwi hodi. Wahenga walituasa kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako.

Nami nina kanda moja. Ndani yake marehemu bibi yangu anaimba harusini Butiama, kwa Kizanaki, lugha ya mama ya Mwalimu Nyerere. Hakuna huduma ya utiririshaji iliyo na wimbo huo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuupakia. Mna maneno humo ambayo mama hunifafanulia kwa sentensi nzima, nami sijapata kuyasikia kwingine. Kanda ile ikikatika, hatupotezi burudani tu; tunapoteza kurasa za kamusi isiyoandikwa.

Husemwa akiba haiozi, ila kanda huota ukungu na utepe wake hunasa. Ndiyo maana mwaka jana niliipeleka Bunda, kwa fundi redio ambaye deki yake ingali hai. Alisafisha kichwa cha deki kwa spiriti, akauzungusha utepe taratibu kwa kalamu, kisha akaiunganisha deki na kompyuta. Sauti ikatoka na mikwaruzo yake, vigelegele vikisikika kwa mbali. Sasa zipo nakala tatu: yangu Musoma, ya dada yangu Bunda, na ya mama Butiama.

Kwangu mimi, basi, kuwa na kitu si kukifungia kabatini. Ni kukinakili na kukigawa kwa watakaokitunza. Nyimbo za walimwengu na zitiririke. Sauti za kwetu, ambazo hakuna mwingine anazo, tuzishike wenyewe.

Nawaachia ubeti, mwenye jibu na ajibu:

Mto upite njiani, sitauzuia mbio,
Maji yangu mtungini, hayo ndiyo kimbilio,
Sauti ya wa zamani, haipatikani leo,
Akiba iwe nyumbani, wana watege sikio.