Korogwe: Walipopita Makaburu na Vitabu Vyao

Mtajie kijana wa Dar jina la Korogwe, atakujibu machungwa, basi kusimama dakika kumi, na wauzaji wanaokimbilia madirishani kama vile una deni lao. Basi, safari ya Arusha inaendelea. Siku ukiwa na nafasi, shuka bwana. Nenda stesheni ya reli, simama uangalie upande wa Mombo. Hapo pamepita watu, siyo mchezo.

Reli hiyo Wajerumani waliianza Tanga mwaka 1893. Ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905. Ni miaka hiyohiyo ndipo Makaburu walipoanza kuingia nchini. Hawa walikuwa wazao wa Waholanzi waliojenga makazi kule Cape kuanzia 1652. Vita vyao na Waingereza, 1899 hadi 1902, viliwaacha wengi hawana kitu, na wapo walioapa kutokaa chini ya Mwingereza. Mjerumani akawapa ardhi huko Meru na Kilimanjaro. Na kutoka bandari ya Tanga kwenda huko, njia ilikuwa ni hii ya Korogwe.

Kaburu alihama na bunduki, maksai na Biblia. Tena Biblia yenyewe ya Kiholanzi, maana ile kamili ya Kiafrikaans ilitoka mwaka 1933. Kurasa zake za mwanzo ndizo zilikuwa daftari la ukoo: nani kazaliwa, nani kaoa, nani kafa. Usharika nao ulikuwa na vitabu vyake vya ubatizo, ndoa na washirika. Mtu akihama alipewa cheti cha kumtambulisha, akakikabidhi kwa wazee wa usharika mpya. Yaani ng'ombe wako wanaweza kufa wote njiani, lakini jina lako linafika.

Wengi Meru hapakuwakalia vizuri, wakavuka kwenda Kenya. Mwaka 1908 kundi jingine la watu zaidi ya 200, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, lilishukia Mombasa likapanda na magari ya maksai hadi Uasin Gishu. Mwaka uliofuata wakawa na usharika wao, Vergenoeg, mahali tunapopaita Eldoret. Uhuru wa Kenya ulipokaribia, 1963, wengi wao wakafungasha tena kurudi kusini. Kanisa la Reformed la Afrika Mashariki, lililotokana na umisheni wao ulioanza 1944, likabaki mikononi mwa Waafrika, na makao yake yako hapohapo Eldoret.

Sasa rudi Korogwe. Zunguka Ngombezi, Magunga, Mwelya, Hale. Kote ni mkonge. Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893. Katika miche 1,000 iliponea 62 tu. Waliokuja kuukata walitoka Songea, Kigoma, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Nao ni wahamiaji, tena wengi kuliko Makaburu mara nyingi mno. Wao waliandikwaje? Kwa namba! Ndiyo maana wakaitwa manamba. Kuanzia 1944 shirika la SILABU lilikuwa likiwakusanya na kuwasafirisha hadi mashambani, na mwajiri alichojali ni kadi ya kazi imejaa siku ngapi. Mkaburu mmoja alikuwa na jina lake katika vitabu viwili. Babu wa mtu hapa alikuwa tarakimu.

Na wajukuu wa tarakimu hizo ndio sisi tunaojaza mitaa ya Tanga na Dar, ukiulizwa kwenu wapi unaanza kubabaika.

Kwa aliyebatizwa, pa kuanzia papo. Korogwe ni makao ya Dayosisi ya Tanga ya Anglikana, wana wa UMCA ya Magila, na Wakatoliki na Walutheri nao wapo. Kitabu cha ubatizo huandika jina la mtoto, la wazazi na la msimamizi. Mara nyingine jina la baba katika mstari huo ndilo pekee lililowahi kuandikwa kwa wino bila namba pembeni. Kama babu alikuwa Mwislamu au hakubatizwa, basi tafuta wazee wa kambini mapema, kwani hao hawana nakala.

Ukienda parokiani, beba jina la bibi vilevile, na mwaka wa kukisia. Usiende Jumapili asubuhi; padri ana ibada, na mwenye ufunguo wa kabati yuko kwenye kwaya.