Makande ya Usambara na Birika la Chai

Ukitoka Mombo barabara inapanda milima ya Usambara. Unapita Soni, unafika Lushoto. Kandokando utaona mahindi na maharage. Hayo ndiyo makande yetu. Nyama si ya kila siku.

Je, damu itatoka wapi? Maharage yana madini ya chuma, yanayojenga damu. Mnavu na mchicha pia. Lakini chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida kuliko cha nyama.

Milima hii ina chai vilevile. Ukiinywa pamoja na chakula, inazuia chuma kuingia mwilini. Mimi, bwana shamba, sikulijua jambo hilo. Nyumbani tulikula makande na chai miaka mingi. Mke wangu alipokuwa mjamzito, kliniki walimwambia damu yake ni pungufu. Niliona aibu. Nafundisha watu kulima maharage!

Sasa tunaloweka maharage usiku, tunamwaga maji, ndipo tunapika. Mboga tunaikamulia limau, maana limau husaidia chuma kuingia mwilini. Mke wangu alimeza pia vidonge vya kliniki. Mama mjamzito, usiviache.

Na birika? Linakaa jikoni. Chai tunakunywa saa moja au mbili baada ya kula, vyombo vimekwisha oshwa.