Adjara: Mkate wa jibini wa ndugu zetu wa Bahari Nyeusi

Wengi wetu tukisikia jina la Georgia hufikiria jimbo la Marekani. Georgia tunayoizungumzia hapa ni nchi ndogo ya milima ya Kaukasi, iliyokaa baina ya Urusi kwa upande wa kaskazini na Uturuki, Armenia na Azabajani kwa upande wa kusini, na magharibi yake inapakana na Bahari Nyeusi. Wakazi wake hawafikii milioni nne, na wengi wao ni Wakristo wa Kanisa la Kiorthodoksi. Hata hivyo, sensa ya mwaka 2014 ilionesha kuwa karibu mtu mmoja katika kila kumi ni Mwislamu. Na katika mkoa wa Adjara, unaopakana na Uturuki, Waislamu walikaribia asilimia 40.

Chakula ambacho nchi hiyo yote imekubaliana juu yake ni khachapuri, mkate wa ngano uliojazwa jibini. Jina hilo limeunganishwa kwa maneno mawili ya Kigeorgia: khacho, yaani maziwa yaliyogandishwa na kuchujwa maji yake, na puri, yaani mkate. Huliwa asubuhi, huliwa jioni, hupewa mtoto anayetoka shule na mgeni aliyefika bila taarifa. Umeshika nafasi kubwa kiasi kwamba wapo wachumi wa Tbilisi, mji mkuu, ambao hupima kupanda na kushuka kwa gharama za maisha kwa kuhesabu bei ya vitu vinavyotosha kuoka khachapuri moja: unga, jibini, siagi, mayai, maziwa, hamira na moto wa kupikia.

Kila eneo lina namna yake. Watu wa Imereti huuoka mduara, jibini ikiwa imefichwa ndani. Watu wa Samegrelo huongeza jibini nyingine juu yake. Wa Adjara huupa umbo la mashua iliyo wazi, wakaijaza jibini, na mwishoni wakapasua yai katikati na kutia kipande cha siagi. Husimuliwa kuwa mashua hiyo ni ya wavuvi wa pwani, na kiini cha yai ni jua linapozama baharini. Huu ndio unaopigwa picha zaidi na wageni, na ndio unaojulikana zaidi nje ya nchi.

Hapo pana jambo la kutafakari. Mkate unaoitangaza Georgia duniani umebeba jina la mkoa wenye Waislamu wengi, na Waislamu hao, ambao lugha yao ya mama ni Kigeorgia, kwa vizazi kadhaa wamekuwa wakiulizwa kama kweli wao ni Wageorgia.

Msikiti wa kati

Makao makuu ya Adjara ni Batumi, mji wa bandari wenye majengo marefu ya vioo ufukweni na mitaa ya zamani nyuma yake. Katika mitaa hiyo ya zamani umesimama msikiti uitwao Orta Jame, uliojengwa mwaka 1866. Jina lake ni la Kituruki na maana yake ni msikiti wa kati, kwani zamani ulikuwa miongoni mwa misikiti kadhaa ya mji. Leo ndio pekee uliosalia katika hiyo ya kale. Siku ya Ijumaa ndani hujaa, na waumini hutandika mikeka nje, kiangazi na masika.

Ombi la kujenga msikiti wa pili limechukua miaka. Mwaka 2017 uongozi wa jiji ulikataa kutoa kibali cha ujenzi katika kiwanja ambacho Waislamu walikinunua kwa michango yao. Mwaka 2019 mahakama ya jiji iliona kuwa kulikuwa na ubaguzi, lakini haikuamuru kibali kitolewe. Wakati shauri likiendelea, waumini walikuwa wakisali katika kiwanja hicho hicho.

Uislamu uliingia Adjara na kuenea zama za Dola ya Uthmaniya, na watu wake ni Sunni wa madhehebu ya Hanafi. Mwaka 1878, baada ya vita, Batumi na viunga vyake vilitolewa kwa Urusi. Maelfu ya familia za Kiislamu zilihama kwenda katika ardhi ya Uthmaniya, wakaitwa muhajir, na vizazi vyao wapo Uturuki hadi leo. Waliobaki walipewa mkoa wenye mamlaka ya ndani kwa mkataba wa Kars wa mwaka 1921, na sababu mojawapo ilikuwa dini yao. Lakini ahadi hiyo haikuilinda dini yenyewe. Utawala wa Kisovieti ulifunga madrasa na misikiti, na mwaka 1929 watu wa milimani, huko Khulo, walisimama kupinga. Uasi wao ulizimwa. Sensa ya mwaka 1926 ilikuwa imewahesabu kama watu wa kabila lao. Katika sensa za baadaye jina lao likaondolewa.

Misikiti ya vijijini ilijengwa kwa mbao, na kwa nje haitofautiani sana na nyumba za kawaida. Mapambo yake ya kuchongwa na kupakwa rangi yamo ndani. Mingi iligeuzwa kuwa maghala. Mafunzo ya dini yakabaki mikononi mwa wazee, nyuma ya milango iliyofungwa. Katika nyumba hizo ndimo kizazi hadi kizazi walipojifunza kusema Bismillah kabla ya kumega mkate.

Jikoni milimani

Barabara ya kutoka Batumi kwenda Khulo inafuata mto Acharistsqali kwa kiasi cha kilomita 80. Njiani kuna madaraja ya kale ya mawe yaliyopinda kama upinde. Kadiri unavyopanda, mashamba yanakuwa madogo na miteremko inakuwa mikali, hata utajiuliza ng'ombe wanasimamaje. Juu zaidi kuna njia ya Goderdzi, yenye urefu wa zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Majira ya joto familia huhamisha ng'ombe wao hadi malisho ya juu, wakakaa huko katika nyumba za mbao wakitengeneza siagi na jibini ya kutumia wakati wa theluji.

Milimani hawapotezi kitu katika maziwa. Kwanza huengua mafuta ya juu, wakapata malai mazito wanayoyaita kaimaghi, na siagi. Maziwa yaliyobaki, ambayo sasa hayana mafuta mengi, ndiyo hugandishwa kuwa jibini. Kisha, siku ya kumpokea mgeni, vile vilivyotenganishwa hukutanishwa tena: jibini huyeyushwa ndani ya siagi, kikapatikana chakula kiitwacho borano, kinacholiwa kwa mkate wa mahindi uitwao mchadi. Mkate wa ngano wa umbo la mashua ni wa pwani zaidi, ambako unga na tanuri vilipatikana kwa wepesi. Lakini siku hizi unaokwa kila mahali.

Nyumba hizi zinapungua. Maporomoko ya ardhi yamezisukuma familia nyingi kuhamia mikoa mingine ya Georgia, na vijana huvuka mpaka kwenda Uturuki kuvuna chai na njugu za huko. Bibi anayejua kugandisha maziwa kwa kuyapima joto kwa kidole hubaki na ng'ombe mmoja au wawili, na wajukuu wanaokuja likizo. Mkate unaweza kununuliwa mjini, lakini ujuzi wa jibini hauuzwi dukani.

Suala la jibini

Ndugu msomaji, kwa familia ya Kiislamu swali la kwanza kuhusu mkate huu ni jibini yake. Jibini nyingi hugandishwa kwa kigandishio kinachotoka katika tumbo la ndama anayenyonya. Ikiwa ndama huyo amechinjwa kisheria, kigandishio chake ni halali. Ikiwa hakuchinjwa kisheria, wanavyuoni wamekhitilafiana: Imam Abu Hanifa ameruhusu, na wengi wa wanavyuoni, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi'i, wamekataza. Kigandishio kinachotokana na mimea au vijidudu visivyo na asili ya mnyama hakina tatizo hilo. Wa milimani waliokuwa wakichinja wenyewe na kugandisha wenyewe walijua kila kilichoingia chunguni. Sisi tunaonunua pakiti hatujui, hivyo tusome maandishi yake au tumuulize muuzaji.

Msafiri naye ajue kuwa khachapuri kwa kawaida haina nyama, lakini katika mikate jamaa zake imo. Kubdari ya Svaneti hujazwa nyama, na mara nyingine huwa ya nguruwe. Lobiani ya maharage, hasa ile ya Racha, huweza kutiwa nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Mvinyo pia ni jambo la kawaida mezani kwa Wageorgia. Katika Batumi, mitaa iliyo karibu na msikiti ina migahawa ya Kituruki inayowahudumia Waislamu.

Njia nyepesi zaidi ya kuondoa shaka ni kurudi kwenye asili ya jina lenyewe. Khacho hugandishwa kwa uchachu, bila kigandishio cha mnyama. Kila jiko lenye maziwa na ndimu linaweza kuitengeneza.

Kuoka nyumbani

Kwa jibini, chemsha lita tatu za maziwa halisi. Yakianza kufura, punguza moto, tia maji ya ndimu vijiko sita vya chakula kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu. Maziwa yatajitenga na maji ya rangi ya kijani kibichi iliyopauka. Epua, acha dakika kumi, chuja kwa kitambaa safi cha pamba, kisha kining'inize kwa saa moja. Utapata kiasi cha nusu kilo. Tia chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, maana jibini ya Georgia ni ya chumvi, na uisage kwa mkono. Jibini hii haiyeyuki wala kuvutika kama ile ya kule, kwa hiyo ichanganye na yai moja, siagi vijiko viwili na mtindi mzito vijiko vitatu ili iwe laini. Ukiwa na jibini ya dukani unayoiamini, changanya nusu kwa nusu.

Kwa mkate, chukua unga wa ngano nusu kilo, hamira kijiko kimoja na nusu cha chai, sukari kijiko kimoja cha chai, chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko viwili vya chakula, na maziwa ya uvuguvugu yaliyochanganywa na maji, jumla mililita 300. Kanda kwa dakika kumi mpaka donge liwe nyororo na lisigande mkononi. Funika, uliache liumuke mpaka liongezeke maradufu. Katika joto letu saa moja hutosha.

Gawa madonge manne. Sukuma kila moja liwe duara refu kama yai, unene wa nusu sentimita. Kunja kingo mbili za urefu kuelekea ndani, kisha banua ncha zote mbili na uzisokote vizuri ili mashua isifunguke motoni. Jaza jibini katikati. Oka katika oveni iliyokwisha kupata moto wa nyuzi 230 kwa dakika 12 hadi 15, mpaka kingo zibadilike rangi. Toa, fanya kishimo katikati, pasua yai, rudisha kwa dakika mbili au tatu. Ikitoka, tia kipande cha siagi. Kwa watoto wadogo na mama wajawazito, acha yai liive kabisa.

Asiye na oveni atumie sufuria pana yenye kifuniko kizito na kupalia makaa juu na chini kama anavyofanya kwa mkate wa kumimina, moto wa juu ukizidi wa chini. Au aoke ule wa Imereti: tandaza donge, weka jibini katikati, kusanya kingo zikutane juu, geuza na ulibonyeze taratibu liwe bapa, kisha pika juu ya chuma cha chapati kwa moto mdogo, dakika tano hadi saba kila upande, likiwa limefunikwa. Likiiva lipake siagi.

Namna ya kula mkate wa Adjara inafaa watoto waifahamu. Hakuna kisu wala uma. Unamega ncha ya mashua, unalikoroga yai na siagi ndani ya jibini yenye moto, kisha unaendelea kumega kingo na kuchovya, mpaka ibaki sakafu ya mashua peke yake. Wakila wengi kutoka sinia moja, kila mtu ashike upande wake na atumie mkono wake wa kulia, kama tulivyofundishwa.

Na mtoto akiuliza mkate huu umetoka wapi, aambiwe kuwa umetoka kwa watu wanaosema Kigeorgia na kusali kuelekea Makka. Kwamba misikiti yao iligeuzwa maghala na dini yao ikabaki majumbani. Na kwamba Ijumaa hii pia, huko Batumi, wapo watakaosalia barabarani kwa kukosa nafasi ndani. Kisha tuwakumbuke katika dua zetu kabla ya sinia kuondolewa.